Bwawa la Pumba Tupu

Nyumba ya Mabwawani,
S.L.P. 77.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko. U mzima? Kile kifua chako kimepoa, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi tunaosimama kwa miguu yetu hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake u mzima kabisa. Mimi nimenenepa, nakuambia mapema usije ukasikia kwa wengine.

Barua yako ilifika baada ya wiki tatu, imelowa pembeni. Umeuliza uzito wa samaki mara nne, nimehesabu. Hali ya mkeo umeiuliza mara moja tu, chini kabisa, karibu na sahihi. Nitakupa habari za vyote viwili, na leo sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Unakumbuka ulivyotuandikia ulipoanza masomo yako ya samaki. Ulitaka kila bwawa letu litiwe vifaranga mia vya perege, na kila bwawa liwe na mtu wake. La kwanza walishwe vidonge vya chakula cha samaki ulivyotuma, la pili pumba tupu, la tatu pumba zilizochanganywa na vumbi la dagaa. Ukamalizia, "Nataka kujaribu." Neno hilo ndilo lililotuletea kasheshe yote hii.

Mama hasomi, unajua. Nilipofika hapo akaniambia nirudie, nikarudia. Akasema mwanawe ana akili sana, kumbe anawajaribu wanawake wa nyumba hii aone nani ana mkono wa kufuga. Mimi akanipa vidonge, yeye akachukua dagaa, na wifi yangu, kwa kuwa ndiye mgeni, akaachiwa pumba. Kwa mama chakula ni chakula tu, na kiumbe akikonda wa kulaumiwa ni mlishaji.

Basi kila Jumamosi tulivuta wavu, tukatia samaki kwenye ndoo na kuining'iniza kwenye mizani mlangoni pa stoo. Wangu walipiga mikia mpaka wakaturushia maji usoni. Wa mama walifuata kwa mbali kidogo. Wa mkeo walikuwa vichwa vikubwa na migongo myembamba, ukiwashika unahisi mifupa. Mama alikuwa akimchukua mmoja, anamgeuzageuza mbele ya uso wa wifi na kumuuliza kama huwa anawaimbia badala ya kuwalisha. Mimi nilicheka kila Jumamosi, sikufichi.

Mwanzoni wifi alijitetea. Alisema pumba peke yake hazijengi mwili, samaki anayekua anataka protini, aongezewe japo dagaa kidogo. Mama akasema huyu amesoma sana, ndiyo maana hakosi sababu. Kisha akatoa hukumu mezani, kwa sauti ya chini tu.

"Aliyefuga wembamba atakula wembamba."

Tangu siku hiyo kitoweo cha mkeo kilitoka bwawa la pili. Alikula miiba na ngozi, na huku ananyonyesha.

Mwanao sasa ana miezi saba. Kule kliniki muuguzi alimpima, akatazama kadi, akampima tena. Mstari wa uzito wake ulikuwa umelala, haupandi. Akamwambia mkeo, mama akisikia, kwamba maziwa yamepungua na sharti ale maharage kila siku na yai moja. Mama huwaogopa watu wa makoti meupe, kwa hiyo hakubisha. Yai likaanza kutolewa kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nalichemsha.

Sasa nisikilize vizuri. Ile barua yako ya kwanza ilikuwa na ukurasa wa pili. Humo uliandika kwamba samaki wa bwawa la pumba watadumaa, kwamba ni lazima wadumae ili wale wengine wapate kulinganishwa nao, na kwamba mtunzaji wao asilaumiwe. Uliandika hivyo kwa mwandiko safi kabisa. Niliusoma peke yangu stoo, nikaukunja na kuusukumia ndani ya gunia tupu la vidonge. Mama sikumsomea.

Usihangaike kutafuta sababu kubwa. Nilitolewa shule nilinde mabwawa ili wewe usome, na hilo nililimeza zamani. Lakini wiki ile ulipomleta mkeo ukaondoka, nilikuwa namsomea mama barua ya watu wa ardhi, na wifi akanisahihisha neno. Alinisahihisha kwa upole, akitabasamu. Mama akasema kumbe miaka yote hii tunasomewa nusunusu. Nami nikaapa nitamsomea nusunusu kweli. Ni wivu, mdogo wangu, na roho mbaya, sina jina zuri zaidi.

Jumanne iliyopita mtoto alishindwa hata kulia. Wamelazwa hospitali wote wawili, yeye na mama yake. Muuguzi anasema kuna matumaini, ila kuhusu kukua kwake hakuahidi kitu. Nilipowapelekea nguo, mkeo aliniuliza bila hasira yoyote.

"Wifi, kwenye barua ile kuna mahali hukusoma?"

Nikamjibu hakuna. Akanitazama, akageuka kumfunika mtoto. Ametuma habari kwao waje kumchukua, na huku harudi tena. Ukija, mtafute huko kwao.

Jana tulikausha mabwawa, nami nilipima kila samaki kwa mkono wangu. Andika kwenye daftari lako. Bwawa la kwanza, wastani gramu mia mbili sitini na tano. La tatu, mia moja themanini. La pili, mia moja na nne. Kwenye ule ukurasa niliouficha ulikadiria themanini, kwa hiyo utakuna kichwa na kudhani mizani yetu ni mbovu. Mizani ni nzima. Kila asubuhi, kwa wiki saba, nikiwa dirishani pa stoo, nilimwona mkeo anatoka na sahani yake, anachuchumaa ukingoni mwa bwawa la pili, anaponda lile yai na maharage yote na kuwatupia samaki, ili afaulu mtihani wako. Sikumzuia. Zile gramu ishirini na nne zilizozidi ni maziwa ya mwanao.

Baba mdogo anakusalimu, na shangazi wa dukani pia. Mungu akushike mkono huko uliko, akupe moyo wa kuimaliza barua hii bila kuichana. Mama naye anakusalimu sana. Hajui lolote katika haya. Amekaa hapa pembeni yangu, ananihimiza nifunge bahasha, na anataka ujibu upesi nimsomee nani ameshinda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata hivi nilivyo.