Gari Lisishushwe Kabla Hujasoma Hapa

Mjukuu, mume wangu,

Chai imo kwenye chupa. Mkate nimeufunika na sahani, paka asijitwalie.

Fundi akija kulishusha gari lako likaribie ardhi, mwambie angoje kidogo. Asubuhi uliponipeleka dukani kwa gari la rafiki yako, lile lililokwisha kushushwa, ili nionje raha yake, kuingia niliingia vizuri, sikatai. Nilikaa kama niko mkekani. Lakini pale kwenye tuta, tumbo la gari lilikwaruza chini mpaka muuza duka akatoka nje. Na kutoka je? Wewe ukanivuta mikono, yeye akanisukuma mgongo, kiatu kikabaki ndani. Halafu unaniambia, "Bibi, utazoea." Nizoee kuvutwa kama gunia?

~~Ukilishusha sipandi tena.~~

Hapana, gari ni lako, umelitolea jasho. Amua mwenyewe. Mimi nimetangulia kliniki kwa miguu, na goti langu hili. Kunywa chai bila haraka. Ukimaliza utanikuta sijafika hata kona. Njoo na gari ambalo nitaweza kutoka ndani yake.

Ni mimi bibi yako,
gunia.