Kura ya Vyerehani Viwili

Jumatatu, 7 Juni 1954

Nimechota maji. Nimepika uji. Nimemwagilia mchicha. Mume wangu Elia ametoka kwenda stesheni, taa za reli ndiyo kazi yake. Upepo wa Itigi umetia vumbi mpaka kwenye chumvi. Yale yale ya kila siku.

Jipya ni hili. Bibi wa Maendeleo, yule Mzungu anayesimamia chama chetu cha akina mama, amemaliza kukagua bustani. Tuliofaulu ni wengi, zawadi ni vyerehani viwili vya mkono. Kasema hawezi kupambanua mchicha na mchicha, tupige kura. Kazi kanitupia mimi kwa kuwa ni katibu. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo kukabidhi.

Nakitaka cherehani. Naandika hapa kwa sababu huko nje siwezi kusema. Nashona kwa sindano mpaka vidole vimetoboka. Nikikipata nitashonea Itigi nzima, na sitamwomba Elia hata sabuni.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeandika majina. Wanawake wa kijijini mwanzo, maana ndio waliojiandikisha kwanza. Kisha sisi wa nyumba za reli. Mimi wa mwisho kabisa, nisionekane najipendelea. Karatasi nimezikata sawasawa, nimezikunja sawasawa. Tausi, jirani yangu wa ukuta mmoja, kasema mwaka utaisha nikikunja. Mwache acheke.

Chombo nimepata. Kibuyu cha mama mkwe, alichokuwa akiwekea asali. Nimekisuuza. Shingo yake nyembamba, mkono haupiti, jicho halioni. Unatikisa, unainamisha, kinachodondoka ndicho. Nani atalalamikia kibuyu?

Jumamosi, 12 Juni

Wamelalamikia kibuyu.

Nilitia karatasi moja moja mbele ya wote, kwa kufuata orodha. Nikatikisa. Ikadondoka ya kwanza: Tausi. Nikatikisa tena. Ya pili: mimi.

Nilifurahi. Kisha nikaona nyuso.

Mama Ndahani akasimama. Huyu ndiye aliyewaleta wanawake wa kijijini kwenye chama, na bustani yake ni nzuri kuliko zetu zote, hilo sibishi. "Kibuyu cha nani? Cha mkwewe. Kakunja nani? Yeye. Na kashinda nani?" Akajifunga kanga, akatoka. Wa kijijini wote wakamfuata. Niliapa kwa jina la Mungu nikiwaapia migongo yao.

Tumebaki wake wa reli peke yetu, na chama chenyewe kimebaki jina. Bibi akikuta hivi atakifunga. Nina hasira. Sijaiba kitu!

Jumapili, 13 Juni

Kanisani benchi langu nimekaa peke yangu. Elia anasema kura ni kura, nitulie, watachoka wenyewe.

Jioni nimechukua kibuyu nikirudishe. Sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni mpaka kwenye shingo yake. Nikakiinamisha. Kimya. Nikakitikisa kwa nguvu zote. Hakuna kilichodondoka, na karibu majina yote ya chama yamo humo.

Nikachokonoa kwa kijiti. Kikatoka na asali. Sikukisuuza vizuri, au asali ya miaka haisuuziki. Karatasi za kwanza zilifika chini zikanasa. Za wa kijijini. Zetu za reli siku ile zilikaa juu ya zao, bado kavu, zikisubiri kudondoka tu; zilizobaki zimenasa baadaye. Na ya juu kabisa ilikuwa yangu.

Hakuna aliyeiba. Lakini ile haikuwa kura.

Nikifunga mdomo, cherehani ni changu. Nimekaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Naona haya kuliandika. Naliandika.

Jumatatu, 14 Juni

Nilianza kwa Tausi. Nilidhani atanielewa. Kaniuliza kama nimerogwa, kisha kalia, kisha kafunga mlango. Amekwisha kumwahidi mwanawe gauni. Nimeumia, maana yeye hana kosa lolote.

Halafu kijijini, kibuyu kwapani. Mama Ndahani alikuwa anabangua karanga. Nikamwamkia, shikamoo. Hakuitikia. Sijawahi kuachwa na shikamoo yangu hewani namna ile. Nikaona maneno hayatafika popote. Nikaokota jiwe, nikakipasua kibuyu mbele yake. Mama mkwe nitamjibu siku nyingine.

Akainama. Akazitazama karatasi zilivyogandana na sisimizi juu yake. Akachovya kidole, akalamba. Akaanza kucheka. Kacheka mpaka kashika mbavu, na mimi, mjinga, nikacheka naye.

Kisha akakoma ghafla. Kasema kucheka si kusamehe. Kura irudiwe, ila si kwa mikono yangu, wala yake. Ndipo akaitikia: marahaba.

Jumatano, 16 Juni

Mkutano. Wa kijijini wamekuja, wamekaa upande wao. Kelele tupu.

Karatasi wamezikataa. Wengi hawasomi, na karatasi husema atakavyo anayeisoma. Tumekubaliana hivi: kila mmoja alete kitu chake kidogo anachokijua, akifunge mwenyewe kwenye kipande cha marekani. Vipande vyote vikatwe kutoka kitambaa kimoja. Vitiwe kwenye karai la mtama, kila mwanamke akoroge mpaka aridhike.

Nani achote? Hapo tulikwama. Mwalimu, mkewe yumo. Shehe, dada yake yumo. Itigi hii kila mtu ni shemeji wa mtu. Mama Ndahani ndiye aliyepata: msafiri wa garimoshi. Asiyetujua, asiyeshuka.

Tausi alikuja. Alikaa nyuma kabisa, hakunitazama.

Jumamosi, 19 Juni

Garimoshi la Tabora husimama hapa kunywa maji. Tulikuwa tumejaa stesheni na karai letu, Bibi wa Maendeleo nyuma akishika kofia yake.

Dirishani palikuwa na mzee mwenye kuku. Tukamwinulia karai. "Sinunui mtama!" Tukamweleza wote kwa pamoja, akadhani ni uchawi, akarudisha mkono ndani. Bomba la maji likainuliwa, gari tayari kuondoka. Niliona yote yanaharibika tena.

Mama Ndahani akasogea chini ya dirisha. "Shikamoo baba. Una ndugu hapa Itigi?"

"Sina hata mbuzi."

"Basi ni wewe tunayekutaka."

Mzee akakunja mkono wa kanzu. Akasema bismillahi. Akachota kimoja, akachota cha pili, na gari likapiga honi. Alikuwa akiuliza nani kashinda, gari likaondoka naye hajui.

Tukafungua cha kwanza: ushanga wa buluu. Mwanahawa wa kijijini, ambaye bustani yake ina kuku wengi kuliko mchicha. Hakuna aliyemtegemea, hata mwenyewe. Cha pili: kifungo cha shati la reli.

Tausi. Tausi tena!

Nikamtazama Mama Ndahani, roho mkononi. Kokwa yake ya ukwaju ilikuwa bado imo mtamani, kama pini yangu. Alikunja uso. Halafu akapiga kigelegele, kirefu, na wengine wakakipokea. Tausi akaja kunikumbatia huku analia, kilemba kimemvuka.

Nilisema nimefurahi. Nusu ilikuwa kweli.

Alhamisi, 24 Juni

Siku ya chama. Nilidhani baada ya yale yote nitajisikia mwepesi. Wiki nzima nimejisikia mtu asiye na cherehani tu.

Leo chumba kimejaa, wengine wamesimama mlangoni. Mwanahawa kaleta chake kichwani, maana hajui hata kutia uzi. Tausi akamfundisha. Kikahitajika kitambaa cha kujaribia, na hakuna aliyetaka kutoa chake, nikatoa gauni langu la buluu lililofumuka mkono. Mama Ndahani alizungusha gurudumu, Mwanahawa akashika nguo, kila mtu akatoa amri.

Mshono umekwenda mrama. Mkono mmoja sasa ni mfupi kuliko mwenzake. Mwanahawa aliniuliza kama afumue.

Nimemwambia aache. Jumapili nitalivaa kanisani.