Gitaa la Baba Yako Halikuzaliwa Mtandaoni

Mwanangu Benedikto,

Wewe ulisema redioni, watu wote wakasikia. Na mimi nakujibu hapa gazetini, watu wote wasome. Simu yako inaita mpaka inachoka, na ujumbe wangu unaujibu kwa kile kidole gumba cha njano, kama vile mimi ni mteja wako. Kwanza niambie kama unakula vizuri na kama kile kikohozi kimeisha. Halafu tuendelee.

Siku ya mahojiano yako baba yako alinyoa ndevu. Kunyoa ndevu kwa ajili ya redio, nani anamwona? Alivaa shati la Jumapili, akatoa viti nje, akamwita mzee Masanja jirani yetu awaache ng'ombe wake aje asikilize. Wimbo wako ukapigwa. Gitaa likaanza ule mlio kama nyuki waliofungiwa mtungini, baba yako akafumba macho, mguu unagonga chini. Mtangazaji akausifia, akautaja muziki huo kwa jina lake la Kizungu, saikedeliki, akakuuliza umeutoa wapi. Ukajibu, "Nimejifundisha mwenyewe mtandaoni, kwa Wazungu wa zamani. Kwetu Ifakara ni mpunga tu, hakuna aliyekuwa anajua vitu hivi."

Mpunga tu.

Mzee Masanja akakohoa, akasema labda hukulisikia swali vizuri. Baba yako akasema betri za redio zinakwisha, akaizima. Betri zilikuwa mpya, nilizinunua mimi asubuhi ile ile.

Sasa nikukumbushe, maana naona mji umekufuta kichwa. Ule mlio hukuujua kwenye simu. Uliujua dunguni, juu ya kile kichanja cha kulindia ndege, kule shambani kwetu njia ya Kivukoni, wakati mpunga unaweka maziwa na ndege kwelea wanashuka kama wingu. Wenzetu waliamia ndege, wakiwafukuza kwa madebe na makombeo. Baba yako alipanda dunguni na gitaa, betri ya gari na ile spika.

Na ile spika ina habari yake. Ilikuwa ya redio yangu ya mbao, zawadi ya kaka yangu nilipoolewa. Nilirudi kisimani nikamkuta baba yako ameitoa tumboni mwa redio, anaichanja karatasi yake kwa wembe. Nililia. Akaniambia ndivyo walivyofanya wakubwa wa muziki ule, sauti safi haimtishi ndege wala haimwoteshi mtu ndoto. Kisha akaipachika mdomoni mwa mtungi wangu wa maji, ili mlio uzunguke humo kabla ya kutoka. Nikakosa redio, nikakosa mtungi.

Baba yako alikueleza habari zote za muziki huo, Beno, nami nilikuwa hapo hapo nasonga ugali. Kwamba vijana wa Marekani na Uingereza walichoka na gitaa la kunyooka, wakalipinda, wakaazima na milio ya Wahindi. Kwamba muziki huo ukavuka bahari ukafika Zambia, na vijana wa kule kwenye machimbo ya shaba hawakuupokea kama mzigo wa kubebeshwa, waliuchanganya na ngoma zao na lugha za mama zao mpaka ukawa wao. Halafu reli ya kwenda Zambia ikaisha kujengwa, na dereva wa treni Mzambia akamwachia baba yako gitaa na sahani za santuri, naye akampa gunia la mchele wa hapa. Baba yako aliuita muziki wa kupinda. Alikuwa anaujua kabla hata sijakuwaza wewe.

Mimi niliuogopa, sikatai. Katekista alisema wapigaji wake wa mwanzo walikula madawa ya kuona visivyokuwepo. Nikamuuliza baba yako kama naye anavuta kitu. Akasema, "Nipe njaa ya mchana kutwa na jua la hapa dunguni, nitaona visivyokuwepo bila senti ya mtu." Lakini wewe uko mbali, simuoni unayekaa naye, na muziki ni ule ule. Kama unavuta, acha. Nimeshasema.

Unakumbuka mzee Masanja alivyokuja na fimbo? Alimwambia baba yako, "Wewe Mpogoro, gitaa lako linawatoa ng'ombe wangu mimba." Baba yako akamjibu ng'ombe wa Kisukuma hawajazoea mambo ya mjini. Wakataniana mpaka jua likazama, na kesho yake Masanja akarudi bila fimbo, akakaa chini ya dungu, akasikiliza. Wewe ulikuwa juu, vidole vyako vidogo kwenye nyuzi, baba yako ameshika kiganja chako anakuambia, "Vuta polepole. Usikimbie. Ndege akisikia unakimbia anajua umechoka."

Hilo nalo ulilipata mtandaoni?

Mwaka jana alifika hapa Mlabani kijana wa Kizungu, anaulizia sahani za Zambia. Alisema huko kwao vijana wanazitafuta kama dhahabu, wanazipiga upya, wanatunga nyimbo mpya juu yake. Alikaa na baba yako kutwa nzima, anauliza, anasikiliza, chai inapoa. Mgeni, mwanangu. Wewe damu yake hukuwahi kumuuliza lolote tangu uondoke.

Baada ya ile redio, baba yako alilegeza nyuzi, akalifunga gitaa kwenye kanga yangu, akaliweka juu ya magunia. Msimu wa kuamia umefika na dunguni napanda mimi, na magoti haya. Nagonga debe mpaka mkono unavimba. Siku za kwanza ndege waliruka, sasa wananitazama tu wanaendelea kula. Mpunga unaisha na mtu wangu amenyamaza, nami sijui nikimbilie kipi kwanza.

Juzi hasira ilinipanda. Nikamwomba binti wa Masanja aniunganishie simu kwenye ile spika iliyochanjwa, mdomoni mwa mtungi, nikaupiga wimbo wako. Ndege wakainuka wote, shamba zima, mpaka kivuli kikapita juu yangu. Nilipogeuka, baba yako amesimama kwenye tuta, ameniletea chakula. Nikajua leo nimemkosea. Alisikiliza mpaka mwisho, sufuria mkononi.

Akasema, "Hapo katikati amekimbia. Nilimwambia asikimbie."

Kisha akaniambia nirudishe mwanzo.

Mimi sijui kupiga, siwezi kukueleza hapo katikati ni wapi. Yeye anajua. Basi njoo akuonyeshe, mpunga haujavunwa. Na ukiitwa tena redioni, mtaje jina lake, polepole, asikie.

Usitume kidole gumba.

Ni mimi mama yako, niko dunguni na debe langu.