Kamba Moja, Miguu Mingi

Tarehe 6 Juni. Mwaka wa tano huu tangu nitoke nyumbani.

Kwako Sisimizi, mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti ndiyo yananisumbua kila asubuhi. Wewe huko majini unaendeleaje? Unakula? Unalala? Mama yako aliniambia unatapika, nikamwambia, dada, hata nahodha alianza hivyohivyo, ingawa mimi simjui nahodha yeyote.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa wakati wa chakula, mpaka huyu tunayelala naye chumba kimoja akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia ni mpwa wangu, amekubaliwa kujifunza kazi kwenye meli ya matanga yenye milingoti mitatu. Akasema, "Dunia nzima ina injini, hao wanafuata nini kwenye matanga?" Nijibie wewe. Upepo ukikataa mnafanya nini, mnakaa mkitazamana? Na hiyo miti iliyokingama kwenye mlingoti, unayosema inaitwa foromali, mnaifikia kwa ngazi au kwa kucha? Mkishafika mnasimama juu ya nini?

Unasema unaogopa kupanda, na kwamba asiyeweza kupanda na kukunja tanga anateremshwa bandarini na begi lake. Basi nisikilize, maana hapo ndipo kwangu. Kazi yangu ni kufunga majukwaa ya mabomba ambayo waashi na wapaka rangi wanasimama juu yake. Sasa tuko ghorofa ya kumi na nne. Shule sikuimaliza, lakini hili la kukaa juu nimelimaliza. Funga kulabu ya mkanda wako kabla hujafikiria jambo jingine lolote. Usitazame chini, tazama mikono yako. Na hili lishike sana: juu huko usipige kelele. Ukimkuta mwenzako ameinama kazini, usimwite. Pita kimya kama paka. Hapa tulikuwa na mmoja aliyezoea kutokea na kuita "Oyaa!" Siku moja mwenzake alishtuka, akaachia spana, ikapita sikioni pa nyapara. Yule bwana alifukuzwa palepale, hata maji yake ya kunywa hakumaliza.

Niandikie. Na maswali yangu usiyaruke.

Mjomba wako

*

Tarehe 28 Juni, bandari ya pili

Shikamoo Mjomba,

Kutapika kumekwisha. Nakula mpaka mpishi ananiuliza kama nina wenzangu tumboni. Pole na magoti. Unayakanda, au unasubiri yapone kwa kuogopa kelele zako?

Maswali yako. Upepo ukikataa, tunasugua sitaha. Upepo ukikubali, tunasugua pia. Injini tunayo, imefichwa chini, lakini nahodha anaionea aibu. Mwambie mwenzako wa chumbani kwamba Serahangi, ndiye mkuu wa kamba na matanga na ndiye anayetufundisha, anasema mtu anaweza kukaa kwenye meli ya injini mwaka mzima asijue upepo unatoka wapi. Hapa usipojua, tanga linakuzaba kofi.

Kupanda ni kwa ngazi za kamba. Ukishafika, chini ya kila foromali imening'inizwa kamba nene. Hiyo ndiyo tunayoikanyaga, watu wanne watano kwenye upande mmoja, tumbo limeegemea mti, mikono inavuta tanga na kulikunja. Mimi hiyo kamba nimeitazama kutoka chini tu. Kesho tukitoka bandarini ni zamu ya mlingoti wetu.

Kuna mwenzetu mmoja tunamwita Bwana Mdomo, kwa sababu anaanza kuongea kabla hajafungua macho. Ameniambia, "Dada, wewe panda tu. Ukianguka nitakudaka, mradi uanguke polepole."

Barua yako nimeiweka mfukoni. Simu zetu nahodha amezifungia, kwa hiyo utanisikia tena bandari ya tatu, katikati ya Julai.

Mpwa wako,
Sisimizi

*

Tarehe 2 Agosti

Sisimizi,

U hali gani mama? Julai imepita na Agosti imeingia. Nimempigia mama yako, anasema amepata salamu fupi tu kwamba uko salama. Salama gani hiyo isiyo na maneno? Wewe ulikuwa mtoto wa kuelezea hata njia aliyopita kuku.

Ulipanda? Uliweza? Wamekuteremsha? Kama wamekuteremsha si mwisho wa dunia, ila niambie. Juzi nilikuwa nafunga bomba nikagundua nimefunga lilelile mara mbili. Nyapara akasema, "Mzee, umelala?" Sikulala. Nilikuwa nawaza hiyo kamba yenu.

Mjomba

*

Tarehe 11 Agosti, bandari ya nne

Shikamoo Mjomba,

Sikuandika bandari ya tatu kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Sasa zimepungua, hazijaisha.

Nilipanda. Nilifunga kulabu, nikatazama mikono yangu, nikafika. Bwana Mdomo alikuwa tayari kwenye kamba, ameinama, mikono yote miwili imezama kwenye tanga. Serahangi alikuwa ametufundisha kwamba kabla ya kukanyaga lazima uite "Naingia!" ili waliopo wajishike. Nilimsikia vizuri siku ile. Lakini nilipomwona Bwana Mdomo alivyoinama, nikaikumbuka barua yako. Nikasema huyu nikimwita atashtuka. Nikakanyaga kimya, kama paka.

Mjomba, kamba si ubao. Ni moja kwa watu wote. Mmoja akikanyaga huku, wa kule ananyanyuliwa. Bwana Mdomo alirushwa miguu, akateleza, akabaki ananing'inia kwenye mkanda wake juu ya sitaha. Alijaribu kudaka mti, bega likachomoka. Yule mtu asiyenyamaza hakusema neno. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Bega limerudishwa, mkono umefungwa, hatapanda mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mimi sijafukuzwa, lakini meli hii ina desturi yake: hakuna anayelazimishwa kusimama kamba moja na mtu asiyemwamini. Serahangi alitukusanya wa mlingoti wetu akauliza, "Nani atasimama naye?" Walitazama viatu vyao. Bwana Mdomo akasema, "Mimi ningekubali, bega ndilo limekataa." Walicheka. Hakuna aliyejitokeza.

Nahodha amesema kama hali ni hiyohiyo tukifika bandari ya tano, nateremka na kurudi nyumbani. Kwa sasa nakunja kamba za chini na kusugua shaba. Naangalia wenzangu wanavyopanda.

Sisimizi

*

Tarehe 30 Agosti

Mpwa wangu,

Pole sana, na mpe pole Bwana Mdomo. Mwambie inatoka kwangu mimi niliyemchomoa bega nikiwa nchi nyingine.

Una haki ya kukasirika. Nilikuambia mambo ya kamba nami sijawahi kusimama juu ya kamba. Mimi nasimama juu ya bomba, na bomba halimjali jirani. Nilidhani juu ni juu. Na kosa lako ni moja tu: aliyekuwa hapo na wewe alikuambia hivi, aliye mbali akakuambia vile, ukamfuata aliye mbali kwa sababu ni wa kwenu. Puuza ushauri wangu kuanzia leo.

Lakini kuuliza sitaacha, hilo huwezi kuninyima. Nimelala nikiiwaza kamba hiyo, nimeamka nikiiwaza. Nilichukua kamba ya kuanikia nguo hapa chumbani, mwenzangu akashika mwisho mmoja, mimi nikaning'iniza kiatu, nikaongeza cha pili. Kweli, cha kwanza kiliruka. Mwenzangu akasema nimepata wazimu, kisha akaleta viatu vyake pia. Tuliacha saa ngapi sijui.

Sasa niambie. Kamba hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi? Ni moja kutoka kwenye mlingoti mpaka nchani kabisa? Yule anayesimama nchani, uzito wake unabebwa na nini? Anatikiswa kama wengine, au zaidi? Na foromali ndefu na fupi ni sawa? Kama hujui, uliza. Si ushauri huu. Nataka tu kujua.

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Oktoba, bandari ya tano

Shikamoo Mjomba, na shikamoo kwa mwenzako mwenye viatu,

Barua yako ilisafiri mpaka ikanikuta kwenye kisiwa tulichosimama kuchukua maji, wiki kama mbili kabla ya hapa. Niliisoma nikiwa nimekaa chini ya mlingoti na kitambaa cha kusugulia shaba mkononi. Nikaangalia juu. Miezi yote hii naiogopa kamba na sijui inaishia wapi.

Nikamwendea Serahangi. Akasema, "Umeuliza leo? Nilidhani umekuja kuaga." Akanionyesha kwa kidole. Kamba kubwa haifiki nchani. Nchani pana kamba yake fupi, ya mtu mmoja. Haitikisi mtu na haitikiswi na mtu. Nikauliza mbona hakuna anayepagombania. Akasema, "Meli ikilala ubavu, mwenye ncha chini yake ni maji matupu. Wenzake wako mbali. Hapo hata Bwana Mdomo husali."

Nikakaa na jambo hilo mpaka chakula kilipoisha. Kisha nikarudi. "Serahangi, nikipanda wa kwanza kabla mtu hajakanyaga, nikaenda moja kwa moja mpaka nchani, nikarudi wa mwisho wakishatoka wote, nitamtikisa nani?"

Akajibu, "Utajitikisa mwenyewe."

Akatukusanya tena. Safari hii nilisema mimi. Nikawaambia sitaki mtu asimame nami, naomba ncha tu. Yule msichana tunayemwita Cherehani, kwa kasi yake ya kushona matanga, akainua mkono. "Ncha ni yangu wiki hii," akasema. "Chukua. Chukua na ya wiki ijayo. Hata ya mwaka ujao sina kinyongo."

Mjomba, nilikwenda. Sitakudanganya kwamba woga uliisha. Ulipanda nami na ulikuwa mzito. Njiani nilisimama mara moja, wote wananingoja, na upepo unavuta suruali. Nikasogeza mguu. Nikasogeza mwingine. Nilipofika nikaita "Tayari!" sauti ikatoka kama ya mbuzi. Wakaingia mmoja mmoja wakiita, na kwa kweli sikusikia hata mtikisiko. Kutoka huko juu meli inaonekana nyembamba kama ganda la njugu. Na ulikuwa unataka kujua: nchani unatikiswa zaidi, lakini na bahari, si na watu.

Nimekaa nchani kila zamu tangu siku ile. Juzi Bwana Mdomo aliruhusiwa kupanda. Akanikuta nasubiri kutangulia kama kawaida, akasema, "Leo njoo kamba kubwa, simama ubavuni kwangu. Ila ukininyamazia tena, nahama meli." Niliita mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Cherehani akaja upande wa pili. Nahodha alikuwa anatazama. Sijateremshwa, Mjomba. Naendelea mpaka mwisho.

Jambo la mwisho. Tukirejea nyumbani, meli itaingia bandarini wanagenzi wote tumesimama kwenye foromali, tangu ya chini hadi ya juu. Mimi nimepewa ya juu kabisa. Mama amesema atakuja na atafumba macho. Nataka awepo mtu wangu atakayetazama. Sikuulizi utarudi lini, swali hilo mama ameshalichakaza. Nakuambia tu kwamba tunaingia Jumamosi, tarehe 12 Desemba, asubuhi.

Mpwa wako,
Sisimizi

*

Tarehe 25 Oktoba. Mwaka wa tano bado, na miezi minne.

Kwako Sisimizi,

Hujambo mwanangu? Hawajambo Bwana Mdomo na bega lake, Cherehani na Serahangi? Mimi magoti ni yaleyale.

Nimemsomea mwenzangu barua yako. Nilipofika pale uliposimama njiani, akaniambia, "Soma haraka, amefika au hajafika?" Mtu aliyesema matanga hayana maana.

Miaka yote hii mama yako akiniuliza nasema, nikimaliza jengo hili. Ukweli ni kwamba jengo likiisha linaota jingine pembeni yake, nami nalihamia bila kuulizwa mara mbili. Nimechoka, na nilikuwa nimeacha kujua kama nimechoka. Jana nilimwendea nyapara. Akasema, "Subiri tufike ghorofa ya ishirini." Nikamwambia hiyo watapanda wengine. Akauliza kuna msiba? Nikasema hapana, kuna mpwa wangu atakuwa amesimama mahali, nami sijui panafananaje.

Kwa mbali mtafanana wote, hilo najua, sasa nitakutambuaje? Mnavaa nguo moja? Mnaruhusiwa kupunga mkono, au kupunga ndiko kuanguka? Nijibu ukipata bandari. Usipopata, nitauliza hapohapo.

Tikiti ninayo. Naondoka huku Jumanne, tarehe 8 Desemba. Alhamisi usiku nitagonga mlango wa mama yako, usimwambie. Jumamosi alfajiri nitakuwa gatini, macho wazi.

Mjomba wako