Nafasi Moja kwa Kila Mama

Jumanne, 13 Januari 2026

Kichwa kinauma, na muhula ndiyo kwanza umeanza. Wazazi wamejaa ofisini tangu asubuhi. Wote wanataka kitu kimoja: mtoto aingie hapa, asome bure, siku moja afike chuo kikuu. Mama mmoja wa Endamarariek, jirani yetu kabisa kule nyumbani, amenisemesha Kiiraqw, nami nikamjibu Kiiraqw — kumbe Mkuu yuko nyuma yangu! Bango la getini linasema Kiingereza tu. Hata kwa wazazi? Sijui. Mkuu alikohoa, akapita.

Wa mwisho kuandikishwa alikuwa Nashilu. Msichana mrefu, mkimya, ndiye aliyeongoza mtihani wetu wa kuingia. Jina la mama? "Nanyori," akasema bila kusita. Nikaandika Nanyori. Sheria yetu ni nafasi moja kwa kila mama. Zamani ilikuwa moja kwa kila familia, lakini baba wenye wake watatu wanne wakalalamika kwamba tunawaonea. Bodi ikakaa siku nzima, ikaja na hii ya mama. Walijiona wana akili kweli.

Alhamisi, 15 Januari

Cheti cha kuzaliwa cha Nashilu kimeletwa. Jina la mama: Resiato.

Nikadhani nimeshika cheti cha mtu mwingine. Nikakigeuza mbele na nyuma. Ni chake. Na huyo Resiato ninaye kwenye mafaili — ni mama yake Koinet wa Kidato cha Pili! Yaani nafasi ya Resiato ilishajaa tangu mwaka jana.

Mkuu wetu, Mwalimu Remigius, amewaka. Fomu ina mwandiko wangu. Kwa hiyo ama nimedanganywa, ama mimi ndiye mdanganyifu, hakufafanua. Ameagiza niwaite hao akina mama wote wawili. Jambo hili lisiponyooka mpaka Ijumaa ya wiki ijayo saa kumi jioni, Nashilu anatoka na anaitwa anayefuata kwenye orodha. Na mtoto mwenyewe yuko darasani na sketi mpya inayomvuka magoti kabisa. Hajui lolote.

Jumamosi, 17 Januari

Nimemwita Nashilu pembeni. Nimemuuliza kwa Kiswahili, Mkuu anisamehe. Aliyekuzaa ni nani? Resiato. Mama yako ni nani? Nanyori. Nikauliza tena, taratibu. Majibu yale yale. Alinitazama kama mimi ndiye niliyefeli mtihani.

Jumatatu, 19 Januari

Nanyori amekuja. Amepanga chumba hapa Karatu mjini, anawauzia watalii shanga, na Kiswahili anakijua vizuri. Kaniambia hakujaliwa kuzaa. Resiato ni mke mwenzake. Nashilu alipoachishwa kunyonya, Resiato akampa.

Nikauliza, alikupa umlee? Hapana, alinipa. Wako? Wangu. Kuna karatasi?

"Karatasi ya nini, mwalimu? Alinipa watu wakiwepo. Wewe ukipewa mbuzi, utaendelea kumwita wa jirani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. (Mimi si mwalimu, ni karani tu, lakini sikumrekebisha.)

Sielewi. Kwetu mama ni aliyezaa, mengine ni shangazi na mama mdogo. Jioni nikipika nimemuwaza dada yangu, miaka tisa ya ndoa na hajapata mtoto. Ningeweza kumpa mmoja wa wangu? Nisingempa. Nimeona aibu, na sijui ni aibu ya nini. Hakuna aliyeniomba.

Jumatano, 21 Januari

Bodi wamemjibu Mkuu! Wameleta karatasi ya kukabidhi mtoto. "Mimi fulani, mama wa Nashilu, ninamkabidhi kwa fulani awe mama yake." Resiato aweke dole gumba, basi, Nashilu anahesabiwa wa Nanyori na Koinet anabaki palepale. Nimeruka kwa furaha, nusura nimwage chai. Mkuu amenishukuru — kwa Kiswahili! Nimemwambia Nashilu kwamba yamekwisha. Akatabasamu. Ana mwanya, sikuwahi kuuona.

Kulikuwa na haraka gani ya kumwambia?

Ijumaa, 23 Januari

Resiato ameingia saa saba mchana. Ameshuka kutoka Endulen, barabara yote matope, shuka limelowa mpaka kiunoni. Nikamsalimu "takwenya," akaitika "iko," Kimasai changu kikaishia hapo. Nimemwita Lekishon, mlinzi wetu, atutafsirie. Nanyori na Nashilu wakakaa kwenye benchi ukutani.

Nikasoma karatasi yote. Resiato akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mikono yote miwili ndani ya shuka.

Amekataa! Lekishon akarudia. Amekataa. Nikapandisha sauti, nikamwambia Lekishon amuulize kama anamfikiria Koinet peke yake, kama huyu binti hamjali. Mungu anisamehe. Lekishon hakutafsiri hilo. Alininong'oneza:

"Madam, huyu mama hana roho mbaya. Anasema karatasi inaanza kwa kusema yeye ndiye mama. Akisema hivyo amemchukua mtoto. Ukishampa mtu mtoto, huwezi kurudi nyuma ukasema ni wangu. Hata kwa dakika moja. Hata kama ni ili umpe tena."

Nimekaa chini. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimeelewa kitu, na hakinisaidii.

Nikakimbia kwa Mkuu. Tubadilishe neno moja tu! Tuandike "aliyemzaa." Akasema ni maneno ya bodi, hayaguswi hata nukta. Akasema si ni maneno tu, dole gumba ni sekunde moja. Nikamjibu kama ni maneno tu, basi tuyabadilishe. Sijawahi kumjibu hivyo. Akatazama saa.

Nikarudi. Nanyori alikuwa ameshaanza kuzungumza na mwenzake, polepole, kwa Kimasai. Lekishon akanitafsiria: anamwambia, sema tu, mwenzangu, mimi sitaweka moyoni. Resiato akajibu: siyo mbele yako.

Nanyori akasimama, akamshika Nashilu mkono, wakatoka. Nawaona dirishani, pale kwenye bomba la maji. Wametupa mgongo. Nashilu amemzidi kimo, lakini ameinamisha kichwa, na Nanyori amemziba masikio kwa viganja vyake. Anamziba nini? Mtoto anajua yote!

Saa kumi kasoro kumi. Naandika hapa hapa mezani, maana sijui nitazame wapi. Resiato ametoa mkono. Nimempakia wino doleni. Kidole kiko juu ya mstari, hakishuki.

Anauliza kitu. Lekishon anasema: anataka kujua karatasi hii mtaiweka mpaka lini.

Nimejibu siku zote. Mafaili ya wanafunzi hayatupwi, hata wakifika chuo kikuu, hata wakizeeka. Nimelisema kwa fahari kabisa, kama ninavyowaambia wazazi wote. Lekishon akasita, akatafsiri.

Kidole kimerudi kwenye shuka. Doa la wino, jeusi, kwenye shuka jekundu.

Kwa nini sikumwambia tutaichoma? Ningesema kesho. Ningesema mwezi ujao. Nani angenishika?

Saa kumi kasoro tano. Resiato analia bila sauti. Lekishon anatazama kofia yake. Mkuu anagonga, ananiita kwa Kiingereza. Anatikisa kitasa.

Nimefunga kwa ndani. Sikumbuki nilifunga saa ngapi.