Pama Niliyokurudishia Kichwani

Maganga, mpagazi wetu,

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu hauna kazi tena. Unajua mwenyewe ilivyo. Nikisema nimefiwa watu wanacheka, nikisema naumwa wanashika mbavu. Karatasi haina sura ya kuchekwa. Uvumilie mwandiko. Darasa la nne langu ulikuwa unalijua, na la tatu lako nilikuwa nalijua, tukiyajumlisha tulikuwa tumemaliza shule ya msingi sie wawili.

Mama Kulwa wako hajambo. Bado anakaanga vitumbua barazani pale Tandika. Hajaolewa tena tangu uende, lakini usijivune, ni kwamba waliokuja kuposa wote walikuwa wanakoroma kuliko wewe. Kulwa na Doto wamemzidi urefu.

Mtaa umebadilika. Siku hizi kila nyumba ya tatu ina antena juu ya bati, imefungwa kwenye bomba la maji, na mtu anasimama nje anaizungusha huku wa ndani wanapiga kelele, "Hapo hapo, usiguse." Ungekuwepo ungeigusa makusudi. Watu waliokuwa wanajaa ukumbini kwetu Jumapili kutazama michezo yetu sasa wamejaa sebuleni kwa jirani. Na ukumbi wenyewe, pale Temeke, mnauzwa mitumba. Nilipita juzi. Juu ya jukwaa letu wamening'iniza makoti ya Wazungu, marefu, meusi, mikono inaning'inia, kama watu waliokuja kutuangalia wakasahau kuondoka. Sikukaa.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu.

Wiki iliyopita alikuja kwangu kijana mmoja wa televisheni, Fredi, ana ndevu nyingi na maneno mengi. "Shikamoo mzee wetu." Mtu akianza na mzee wetu, mie najua kuna ninachotakiwa kubeba. Akaniambia wanachukua michezo ya zamani, ile iliyokuwa inaliza watu redioni, wanaitengeneza upya iwe vichekesho. Wanaanza na Kitanda cha Mzee Tamimu.

Maganga, nilikaa chini.

Yaani ule ule. Mzee kalala, anakata roho, ndugu wamemzunguka wanagawana nyumba yake angali anasikia. Mchezo ambao wewe, mtu wa kuchekesha kwa kuanguka mitaroni miaka ishirini, uling'ang'ania tuucheze jukwaani bila mzaha. "Nimechoka kuanguka, Salehe. Nataka watu walie, hata mara moja, halafu nitarudi mtaroni." Tulikucheka wote. Nikakwambia, kwa sura hiyo ya mbuzi aliyekula sabuni, nani atalia? Ukasema, "Wewe wa kwanza."

Ulitaka ucheze kichwa wazi. Mie ndiye niliyekuvalisha pama. Nikasema bila pama watajuaje kama ni wewe, na ukakubali, ukasema basi, Mzee Tamimu atalala na kofia yake kama wazee wengine.

Na sheria ya kikundi uliiweka mwenyewe. Pama kichwani, ni mchezo. Pama ikivuliwa, ni kweli. Watu wanaoanguka kila Jumapili lazima wawe na namna ya kujua nani kaumia. Siku ile ya Mbagala ulipovunjika kidole cha mguu ulivua pama, tukakubeba, mchezo ukaisha, na watazamaji walitutukana mpaka barabarani.

Jumapili ile, saa kumi alasiri, jua linapenya kwenye matundu ya bati. Mie ni yule mjomba mwenye tamaa, nimesimama kichwani kwako. Ulikuwa unasema maneno yako kuhusu mlango wa nyumba. Ukanyamaza katikati. Ukavuta pumzi kwa mdomo. Mkono ukapanda polepole, ukavua pama, ukailaza kifuani.

Ukumbi ukawa kimya. Mama mmoja wa mbele alikuwa na khanga machoni. Miaka yote ile sikuwahi kuusikia ukumbi ule umenyamaza, na mie niliogopa. Nikaichukua pama, nikakurudishia kichwani, nikaikandamiza mpaka puani.

Walicheka, Maganga, mpaka bati likatikisika. Ukaivua tena. Nikairudisha tena. Mara ya tatu mkono wako ulifika sikioni, haukuendelea.

Sisemi nilisahau sheria. Niliijua. Mkono wangu ulijua kicheko kiko wapi, ukakifuata kama mbwa. Na kuna lingine, ambalo sijamwambia hata sheikh: ulikuwa unawaliza, na mie sikuwamo. Niliona wivu. Ndiyo hivyo.

Makaburini walinisubiri. Mie Mzaramo, wewe Mnyamwezi, mtani wako ndiye mie, na kazi yangu inajulikana: nijitupe mchangani, niige huo mwendo wako wa bata, nikatae usizikwe mpaka nipewe kuku. Watu walikuwa wamekwisha kunipisha njia. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mie ndiye niliyemmaliza."

Wakacheka.

Nikasema tena, na machozi yenyewe ya kweli, kamasi ya kweli. Shangazi yako aliyetoka Tabora akasema, "Huyu mtani anaijua kazi yake." Mwenye koleo akaliegemea koleo anacheka. Hata Mama Kulwa nilimwona anatabasamu ndani ya khanga. Nikaona basi. Nikainuka, nikajipangusa magoti, nikaomba kuku wangu. Nilipewa. Sikumla.

Tangu siku hiyo sijalitamka tena.

Sasa Fredi. Kumbe Jumapili ile naye alikuwemo ukumbini. "Mzee, ile ya kofia. Mie katika maisha yangu sijawahi kucheka vile." Anataka mie niwe Mzee Tamimu. Nilale, nivue pama, na mchekeshaji wao mmoja, mnene, jina la jukwaani Debe, anirudishie. Mara tatu. Kasisitiza mara tatu. Na pama anataka ile ile. Alishapita kwa Mama Kulwa akaiomba, akaniletea kwenye mfuko wa rambo kama mtu anayeleta nyanya.

Nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango. Unakumbuka zamani nikiijaribu ilikuwa inanibana mpaka macho yanatoka? Sasa inashuka masikioni. Nimekonda hadi kichwa, Maganga.

Maana kifua nacho kina neno lake. Tangu masika kuna kitu kinakuja kunikalia, hasa nikipanda ule mwinuko wa sokoni, na mkono wa kushoto unalala peke yake, bila ruhusa yangu. Niliwaambia wenzangu pale kwenye kahawa. Mmoja akasema, "Mzee kashaanza mazoezi ya televisheni." Wakagonga mikono.

Jumanne tulifanya mazoezi, gesti moja kule Sinza, watakapopigia picha. Chumba kidogo, kitanda cha chuma kama kile chetu, taa zao kali zimenikodolea. Nililala. Nikasema maneno yako ya mlango. Na kile kitu kikaja, kikakaa. Nilivua pama kwa sababu nilikosa hewa, siyo kwa sababu ya mchezo. Debe akanirudishia. Nikaivua. Akanirudishia, akaikandamiza mpaka puani, na mle ndani nikasikia harufu yako ya mafuta ya nazi na tumbaku. Watu wa kamera walikuwa wanalia kwa kicheko. Mara ya tatu mkono ulifika. Mara hii haukuishia sikioni, uliivua.

Fredi akaniinamia. "Hivyo hivyo mzee. Jumamosi usiongeze wala usipunguze."

Unaniuliza kwa nini nisikatae. Nilitaka. Lakini nikikataa atalala mwingine, na kitachekwa kifo kile kile, na jina litaandikwa la kwako. Na nikiri, mie ni msanii, naitaka kamera.

Jana nilikwenda kwa Mama Kulwa. Sikusalimia kwa mzaha. Nilivua kofia yangu, nikaiweka magotini, nikakaa kwenye kile kigoda. Akaona. Akaacha kumimina uji wa vitumbua, mwiko mkononi, mafuta yanaungua. Nikamwambia yote, la wivu pia, na la kifua.

Hakucheka. Tangu uzikwe ndiye mtu wa kwanza.

Akasema, "Najua, shemeji. Nilikuwa pembeni kwenye pazia. Nilimwona anaivua." Akageuza kitumbua kilichokwisha kuwa cheusi. "Na mie nilicheka."

Vitumbua vyote vya chungu kile viliungua, tukavila hivyo hivyo.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho Ijumaa asubuhi nakwenda hospitali, na Mama Kulwa ananisindikiza, maana nikienda peke yangu daktari naye atacheka. Wakiniruhusu, Jumamosi nitakwenda Sinza. Lakini pama haiendi kichwani kwangu. Nitampa Mama Kulwa aishike mapajani, akae karibu na mlango. Nitalala kichwa wazi tangu neno la kwanza. Fredi atapiga kelele, na Debe hatakuwa na cha kunirudishia. Wakicheka watacheka, siwezi kuwazuia, nimewafundisha mwenyewe. Ila mtu mmoja mle ndani atakuwa anaijua sheria, na nikinyamaza katikati atainuka.

Nikitoka salama, nitakuja makaburini niimalize kazi niliyoiacha. Nitauiga mwendo wako wa bata kutoka getini mpaka kichwani kwako, mbele ya Kulwa na Doto, na kuku safari hii nitamla.

Nisipotoka, nisogezee nafasi. Ukiniona natokea huko kichwa wazi, usicheke, Maganga. Subiri kwanza nikwambie.

Mtani wako,
Salehe