Tulimbatiza Bibi Alfajiri, Sasa Anaitwa Mchawi

Mama Rozina, shikamoo. Mimi ni msomaji wako hapa Mirongo, naomba unisaidie maana jambo hili linaweza kumtoa mtu uhai, na sina mwingine wa kumweleza, kwa kuwa nikimweleza kiongozi wangu naogopa atanirudisha nyumbani kwa aibu, na nikimweleza mama yangu kule Shirati atapanda basi la kwanza kunifuata.

Mimi ni kijana wa Kijaluo kutoka Mara, nimetumwa huku kuhubiri kwa miaka miwili na kanisa letu, hili ambalo watu wanatuita Wamormoni. Tunatembea wawili wawili, shati jeupe na tai, haturuhusiwi kuachana wala kurudi kwetu mpaka muda uishe, na ingawa ndevu bado zinanisumbua kuota naitwa Mzee Otuoma, ndiyo desturi yetu. Mwenzangu anatoka Marekani, ni kijana mwema sana lakini mambo ya huku hayajui.

Kila wiki tulikuwa tunavuka kwa kivuko kwenda Kamanga, halafu tunatembea mpaka kijiji kimoja alipo Bibi Bernadeta, mjane, mwenye binti mmoja tu, Getruda, aliyeolewa Kisesa. Bibi anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani wakishakata minofu ya kupeleka Ulaya, na kwa kuwa kuni ni za shida anakoka moto kwa mavi makavu ya ng'ombe, kwa hiyo moshi umemharibu macho, yamekuwa mekundu kabisa. Alitupokea kama wajukuu zake, alipojua dini yetu haituruhusu chai akawa anatupikia uji, akasikiliza mafundisho na mwisho akasema anataka kubatizwa.

Kwetu anayebatizwa huvaa nguo nyeupe na huzamishwa mwili wote. Bibi akaona haya kulowana mbele ya wavuvi na watoto, na mimi, Mama, nikaona haya kumshinda, nikiogopa watu watamcheka, nikasema basi tufanye alfajiri kabla ufuko haujapata watu, tukalala kwa muumini mmoja Kamanga na kabla ya jua tukawa majini. Mwenzangu akainua mkono, akasema maneno, akamzamisha, mguu wa Bibi ukaibuka, na kwetu hata kidole kikibaki nje ya maji ni lazima kurudia, akarudia, mguu ukaibuka tena, mara ya tatu ndipo akazama mzima. Bibi alitoka anacheka, akasema tangu aolewe hajaogeshwa namna ile. Nilipogeuka nikamwona jirani yake, Chenge, amesimama kwenye mawe na ng'ombe wake, anatutazama. Nikamwamkia, akageuza ng'ombe wake akaondoka.

Wiki haikuisha, wauza samaki wakatuletea habari kwamba mtoto wa Chenge ameshikwa na homa akafariki. Bibi alipeleka sufuria ya mapanki msibani, hakuna aliyeyagusa. Gauni lake jeupe aliloanika uani likachukuliwa, mpaka leo halijulikani liliko, na wateja wamemkimbia. Tulipoteremka kwenye kivuko safari iliyofuata, Chenge alikuwa anatungoja, akasema taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Vijana, nguvu mlizompa yule mama zimefanya kazi. Msirudi tena. Mkirudi mtaonyeshwa kaburi."

Mama, wewe unajua vikongwe wenye macho mekundu wanavyoitwa wachawi na kuuawa huku kwetu. Tulipanda kivuko kile kile tukarudi mjini, na hatujavuka tena. Mwenzangu anasema tusali, Mungu atamlinda, nami nasali, lakini nikifumba macho naona panga, na redio ikianza kutaja mauaji naizima kabla jina halijatajwa. Muuza samaki mmoja ameniletea salamu, Bibi anauliza kama wajukuu zake tunaumwa. Hajui tuliyoambiwa. Naogopa kwenda na naogopa kutokwenda. Je, nivuke, au nikae mbali ili watu wamsahau? Au nimtumie ujumbe aseme dini hii ameiacha?

Zadok, Mirongo

Mwanangu Zadok, marahaba. Majina ya watu wa kijiji nimeyabadilisha, na la kijiji nimelifuta.

Pole. Woga wako si wa kitoto. Mimi pia nimelelewa kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, macho yangu hayajawahi kuwa meupe, na kama ningekuwa ng'ambo hiyo badala ya kukaa kwenye meza ya gazeti, pengine barua hii ingenihusu mimi. Kwa hiyo nimeisoma nikiwa nimesimama.

Lakini lazima nikugombeze. Mnaitwa Wazee, sasa ni mzee gani hajui kwamba jambo jema likifanywa kwa kujificha linazaa maneno? Mngembatiza saa sita mchana, watoto wangecheka, wavuvi wangecheka, Bibi angecheka nao, na hadithi ingekuwa ni ya mguu wa bibi uliokataa kuzama. Uliogopa achekwe, ukampeleka kwenye kitu kibaya kuliko kicheko.

Na maji siyo yanayonikera zaidi. Mtoto wa jirani amekufa, nimeisoma barua yako juu mpaka chini, sijaona mlipokwenda kutoa pole. Mnagonga hodi nyumba kwa nyumba, mkairuka nyumba yenye msiba. Chenge ni baba aliyefiwa. Aliona jambo asilolielewa, hakuna aliyemweleza, akajieleza mwenyewe. Hilo halimpi ruhusa ya kugusa hata unywele wa yule mama, ila wewe lijue.

Usimwambie Bibi aikane dini. Akikana watasema amekiri. Wala usijidanganye kwamba watamsahau. Kimya kingi kina mshindo, na kijiji kikiacha kumsema kikongwe ndipo pa kuogopa.

Sasa fanya hivi. Mficha uchi hazai: mwambie kiongozi wako leo. Akikurudisha Shirati, utafika ukiwa hai na mama yako atakupikia. Kisha nenda polisi hapa mjini, umtaje aliyesema maneno ya kaburi kwa jina lake halisi. Mimi nimeshawapigia simu, wakaniambia wataliangalia, na kwa umri wangu najua maana ya kuliangalia, kwa hiyo nenda ukasimame mbele yao mpaka mtu anyanyuke. Usianzie kwa sungusungu, hao walinzi wa kijiji, maana hujui nani ni shemeji wa nani.

Halafu mtafute Getruda pale Kisesa. Yeye ndiye avuke kumchukua mama yake. Mama kwenda kukaa kwa binti yake ni heshima, ila mama kutoroshwa na vijana wenye tai ni ushahidi. Ashuke mchana, kivuko kimejaa, amalize salamu zote njiani, amuage mwenyekiti wa kijiji. Akifika Kisesa apelekwe hospitali wamtazame macho. Msije mkamwondoa alfajiri, mmeshaujaribu huo ujanja.

Bibi akishapanda kivuko na binti yake, wewe na mwenzako mwende kwa Chenge, mkiwa na mwenyekiti na askari. Keti chini. Mpe pole ya mtoto. Usihubiri hata neno moja. Akikuuliza ya maji, mweleze yote, na mguu usiusahau. Huenda asikuamini, na pole bado ni haki yake.

Umeniuliza kama uvuke. Uvuke, ila kwa mpango huo. Hukuandika anwani, la sivyo ningekuja Mirongo kukutoa mwenyewe. Barua yako ilichelewa njiani, na gazeti hili halitoki kila siku, hivyo nakujibu kana kwamba Bibi Bernadeta bado anakaanga mapanki yake na kuuliza kama mnaumwa. Mimi sina hakika, na wewe huna. Kunja gazeti, mwambie mwenzako avae viatu. Kusali mtasali humo humo kwenye kivuko.